UZI: Arafa, Muzdalifa na Mina kwa miguu. Njia hubadilika, tujue pa kupita

Mtu wa Wete (mwanzisha uzi)

Assalaamu alaykum ndugu zangu.

Msimu wa Hijja unakaribia, na siku hizi nikitoka msikitini hapa Wete sifiki nyumbani bila ya kusimamishwa njiani. Suali ni lile lile: "Jioni ya Arafa, mabasi yakikwama tukaambiwa tushuke, tunapita wapi?" Mimi hufuatana na mahujaji wetu, na kazi yangu ni kubaki nyuma na wanaokwenda taratibu: wazee, wenye magoti, wenye sukari. Kwa hiyo haya ni maelezo ya mwendo wa nyuma. Vijana wenye miguu mepesi watachukua kinachowafaa.

Kwanza, msiniombe ramani. Njia aliyopita jirani yako mwaka jana, mwaka huu inaweza kuwa imewekewa uzio, imepewa mabasi, au imegeuzwa ya kwenda tu bila ya kurudi. Kambi huhamishwa. Daraja lililokuwa wazi alfajiri hufungwa saa tatu. Wasaudia wenyewe hupanga upya kila msimu, na ndani ya msimu hupanga upya kila saa kwa kadiri watu wanavyojaa. Anayekuja na njia moja kichwani ndiye anayepotea. Anayezijua alama zisizohama anafika, hata akizungushwa mara ngapi. Nitaziandika alama hizo.

Masafa kwanza, ili mtu aipime miguu yake. Kutoka Arafa, tuseme ubavuni mwa Msikiti wa Namira, hadi Muzdalifa kwenye Msikiti wa Mash'ar al-Haram ni kilomita 7 hadi 9, kutegemea njia iliyo wazi. Kwa mtu wa Unguja, ni karibu na kutoka Bububu hadi Darajani. Kutoka hapo hadi Jamarati, pale Mina panapotupwa mawe, ni kama 5 au 6. Kutoka Jamarati hadi Haram, msikiti mkuu wa Makka, kwa mahandaki ya waendao kwa miguu, ni kama 5 nyengine. Zikigawiwa kwa mapumziko, mzee mwenye afya anaziweza. Kwa mkupuo mmoja, tena juani, haziwezi, na wala asijaribu.

Halafu uelekeo. Muzdalifa iko kaskazini magharibi ya Arafa. Miaka hii ambayo Hijja inaangukia Mei na Juni, jua linazama kule kule tunakokwenda. Ukitoka Arafa na wekundu wa Magharibi uko mbele ya uso wako, unakwenda sawa. Ukiuona uko begani, simama uulize. Na mwezi wa angani, jioni ile ya tarehe tisa Mfunguo Tatu (Dhulhijja), unakuwa umeshapanda, nao utakuwa upande wako wa kushoto. Hivi viwili havihitaji simu wala mtandao.

Mabango ya mipaka nayo hayahami. Ni makubwa mno, yameandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza pale panapoanza na pale panapokwisha. Ya Arafa ni ya manjano, ya Muzdalifa zambarau, ya Mina buluu. Mfundishe mzazi wako rangi hizi tangu nyumbani, hasa kama hasomi. Baina ya Arafa na Muzdalifa kuna ardhi isiyokuwa ya huku wala ya huku, na kila mwaka watu huchoka, wakaona wenziwao wamelala kando ya barabara, nao wakatandika mkeka wakidhani wameshafika. Hawajafika. Usilale mpaka uwe umelipita bango la zambarau la mwanzo. Na mchana wa Arafa vivyo hivyo: sehemu ya mbele ya Msikiti wa Namira iko nje ya Arafa, katika bonde la Urana. Aliyeswali mbele kule lazima asogee ndani kabla jua halijazama.

Njia za waendao kwa miguu zipo, pana, zimetengwa na magari, tangu Arafa hadi Mina. Zina taa, vyoo, maji ya kunywa na milingoti inayonyunyiza maji laini hewani. Miaka ya karibuni vipande vyake vimepakwa rangi nyeupe isiyoshika joto, na vyengine vimetiwa lami laini yenye mpira isiyoumiza magoti. Mkiikuta wazi, ichukueni hata kama inaonekana inazunguka. Barabara ya magari huonekana fupi, lakini imejaa moshi, na basi likirudi nyuma halimuoni mzee aliyeinama kufunga kiatu.

Nasoma maswali, naendelea chini.


Kijana wa Jang'ombe

Shukran kaka. Lakini siku hizi simu si ina kila kitu? Ukiiandikia Muzdalifa inakuchorea njia yenyewe.


Mtu wa Wete

Ichukue simu, siikatazi. Lakini haijui kwamba saa hii askari wamefunga daraja. Itakupitisha kwenye handaki la magari. Itakwambia ukate kulia pahala penye uzio wa chuma uliomzidi mtu kimo. Na jioni ile watu zaidi ya milioni moja na nusu wanagombea mtandao kwa pamoja, kwa hivyo itabaki inazunguka tu mkononi.

Mimi simu naitumia hivi: naishusha ramani tungali hotelini, ili ifanye kazi bila ya intaneti, na tukifika Mina siku ya mwezi nane, yaani tarehe nane Mfunguo Tatu, nasimama mlangoni mwa kambi naweka alama pale pale. Hiyo inafaa sana wakati wa kurudi. Ama kujua kilichofunguliwa na kilichofungwa, tazama watu. Ukiona wanaorudi wanazidi kuwa wengi na nyuso zimechoka, mbele kumefungwa. Usiende kuhakikisha.


Bint Mkoani

Wa alaykumu ssalaam. Mimi nilikwenda na mama, ana uzito na magoti hayana nguvu, tukamchukulia kiti cha magurudumu. Nataka kuongeza hili kwa wenye wazee kama wangu: Muzdalifa usiku si pahala pa kusukuma kiti. Watu wamelala kila pembe, hadi juu ya njia yenyewe, na ukiiacha lami unaingia kwenye kokoto, gurudumu linazama. Walioingia katikati ya uwanja kutafuta pahala patulivu ilikuwa shida kubwa kuwatoa.

Sisi tulipovuka bango hatukwenda ndani. Tulitembea na ukingo wa njia mpaka upande unaoelekea Mina, tukatandika pale pale pembeni. Kelele zilikuwepo, lakini tulipotaka kuondoka tuliinuka tukawa tuko njiani tayari. Tuliondoka baada ya nusu ya usiku. Hewa ilikuwa nzuri, watu wachache, mama akawa anasoma talbiya (labbayka) mpaka tukaingia Mina. Waliongoja hadi baada ya Alfajiri walitukuta tumeshatupa mawe, tumelala.


Mtu wa Wete

Dada umesema jambo kubwa, na watu walisome mara mbili. Pahala pa kulala Muzdalifa ndipo panapoamua kama asubuhi utapita au hutapita.

Na wazee wasione haya kuondoka mapema. Bi Sauda, mke wa Mtume (S.A.W.), alikuwa mzito wa mwendo, akaomba ruhusa aondoke Muzdalifa usiku kabla ya msongamano wa watu, akaruhusiwa. Ibn Abbas naye alikuwa miongoni mwa wanyonge waliotangulizwa usiku ule. Wazee wetu wengi hung'ang'ania kungoja Alfajiri wakiona ndiyo taqwa zaidi, kisha wanaingia Mina katikati ya mafuriko ya watu, na jua linapanda. Ruhusa ilitolewa kwa ajili yao.


Shangani Juu

Na treni? Nasikia kuna treni ya Mashair inakupeleka Arafa mpaka Jamarati kwa dakika chache. Kwa nini tujitaabishe?


Mtu wa Wete

Ipo tangu 2010, ina vituo 9: vitatu Arafa, vitatu Muzdalifa, vitatu Mina, na cha mwisho kiko pale Jamarati. Kambi yenu ikipewa tiketi, alhamdulillahi, pandeni. Ila tiketi yake haigawiwi kwa kila kambi, na hununui dirishani. Muulizeni kiongozi wa kundi mapema, kabla hamjaondoka Zanzibar, mjue mpo upande gani.

Na hata wenye treni hutembea. Kutoka kambini hadi kituoni kuna mwendo, na foleni ya kupanda jioni ya Arafa inaweza kuwa ya saa kadhaa mmesimama. Nawaambia watu wangu wajiandae kama vile treni haipo.


Mzee wa Makunduchi

Mwanangu, mimi nna suali la dini. Tukikwama njiani, si kwa kupenda, Magharibi na Isha tunaswali wapi? Na ikiwa usiku umekwisha hatujaiona Muzdalifa?


Mtu wa Wete

Shikamoo mzee wangu. Fatwa ya jambo lako utaipata kwa sheikh wa kundi, naye mnakuwa naye pale pale. Nitasema lile tunalosomeshwa kila mwaka kwenye semina.

Sunna ni kuchelewesha Magharibi na kuijumuisha na Isha ukifika Muzdalifa. Lakini mtu akiona nusu ya usiku inamkaribia na bado yuko ndani ya basi, anaswali alipo, haiachi Isha ikatoka wakati wake. Ama kulala Muzdalifa, kwa sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, kinachotakiwa ni kuwepo ndani ya mipaka katika nusu ya pili ya usiku, hata kwa kitambo kidogo, hata kwa kupita. Kwa hivyo aliyechelewa asivunjike moyo akageuza. Avute mpaka alivuke bango. Na aliyezuiwa na msongamano mpaka kukapambazuka, huyo ana udhuru, na sheikh atamweleza hukumu yake. Asihangaike kurudi nyuma usiku ule kutafuta kilichompita, maana kurudi nyuma ndiko kunakoua.

Hapa ndipo nilipotaka kufika, kwa hiyo nitasema kwa urefu.

Utatembea, njia nzuri, watu wanaleta talbiya, mara mnasimama. Mbele mnaona askari wameshikana mikono wamekata barabara, na nyuma yao barabara tupu, safi, haina mtu. Bi mkubwa mmoja wa Micheweni aliwahi kunivuta shuka akaniuliza: "Mbona kule kupo wazi na sisi tumezuiwa?" Suali zuri. Kule kupo wazi kwa sababu kunangojewa mkondo mwengine unaotoka upande wa pili, au kwa sababu mbele zaidi kumejaa na wanapunguza. Barabara tupu nyuma ya askari ni nafasi ya watu kupumua. Wakikuachia wewe, watakutana na wengine mbele pahala pembamba.

Tulichofanya siku ile ndicho ninachowaambia wengine wafanye. Hatukusukuma, wala hatukugombana na askari kwa Kiarabu cha kubabaisha. Tulijitoa pole pole mpaka pembezoni, tukawakalisha wazee chini kwenye ukingo, kila mmoja akanywa maji, na mmoja wetu tu akabaki amesimama akitazama. Kizuizi kilipofunguliwa watu walikimbia. Sisi tulikaa mpaka wimbi la kwanza lilipopita, ndipo tukainuka. Mtume (S.A.W.) alipoondoka Arafa alikuwa akiwaashiria watu kwa mkono, akisema: utulivu, enyi watu, utulivu. Amri ile ilitolewa kwenye njia hii hii.

Kama hakifunguliwi kwa muda mrefu, muulize askari neno moja tu: "Jamarat?" au "Muzdalifa?" na umuonyeshe mkono. Ataonyesha upande. Fuata upande huo hata kama unakupeleka mbali, kwa sababu mitaa ya Mina inakutana, na ukizungushwa bado utafika. Kinachokatazwa kabisa ni kugeuka ukaukabili umma. Sisi wa pwani tunajua: mkondo ukikuchukua hupigi kasia kuukabili, unaukata kimshazari mpaka utoke pembeni. Na ukitoka pembeni, tafuta penye uwazi, mlango wa kambi au njia ya mchepuko. Usijibanze ukutani wala kwenye uzio wa chuma, maana umma ukija hapo huna pa kwenda.

Si maneno ya kutisha watu. Tarehe 24 Septemba 2015, asubuhi ya Idi, mikondo miwili ilikutana Mina kwenye makutano ya barabara ya 204 na ya 223. Hesabu rasmi ya waliokufa ilikuwa 769, na vyombo vya habari vilivyokusanya taarifa za nchi moja moja vikapata zaidi ya 2,000. Wengi walikuwa kwenye mtaa mmoja, mchana, wamezungukwa na mahema. Na mwaka 1990 watu 1,426 walikufa ndani ya handaki la Muaysim. Kwa hiyo handaki nalo lina sharti lake: usiingie mpaka uone watu waliotangulia wanatembea. Kama ndani wamesimama, wewe baki nje kwenye hewa.


Bint Mkoani

Allah awarehemu. Lile la kutosukuma nimelisisitiza kwa kaka zangu wawili wanaokwenda mwaka huu. Vijana ndio wagumu.


Mama Mapacha

Naomba kuuliza kuhusu Jamarati. Shoga yangu alinambia alitupa mawe kwa dakika kumi tu, lakini kurudi hemani ilimchukua saa tatu. Inakuwaje?


Mtu wa Wete

Anasema kweli mama. Jengo la Jamarati la sasa lilikamilika 2009, lina urefu wa mita 950, upana wa mita 80 na ghorofa 5. Lilijengwa ili watu waende upande mmoja tu. Unaingia kwa upande wa Mina na unatokea upande wa Makka. Ukishatupa huruhusiwi kurudi kwa ulikotoka, hata kama unaliona hema lako kwa macho. Unashuka mbele, unazunguka, unarudi kwa mtaa mwengine, na mtaa huo huchaguliwa na askari siku ile. Mtaa uliokuja nao ndio unaoamua pia unaingizwa ghorofa gani, kwa hiyo jana mlitupa chini, leo mtajikuta juu. Ibada ni moja, msishituke.

Kwa sababu hiyo, kundi likubaliane pa kukutania kabla ya kuingia ndani, na pahala hapo pawe upande wa kutokea. Makundi mengi huagana "tukutane tulipotengania", na hapo haparudiki.

Kingine ni namba. Mina yote ni mahema meupe yaliyofanana, tangu yalipowekwa haya yasiyoshika moto baada ya moto mkubwa wa 1997. Hakuna hema linalojulikana kwa sura. Lakini mitaani kuna nguzo ndefu zenye namba. Iliyo karibu na kambi yenu iandikeni kwa kalamu ya wino mkavu kwenye kadi, mkononi, ndani ya mkoba wa kiunoni, popote. Aliyepotea akiionyesha namba ile, skauti yeyote wa Kisaudia anamuelekeza. Akisema "kambi ya Tanzania" tu, anaweza kuzungushwa hadi usiku.

Na mizigo, mizigo! Tarehe 12 Januari 2006, siku ya mwisho ya wengi kutupa mawe, watu 346 walikufa kwenye lango la daraja la zamani, na watu kujikwaa kwenye mabegi ilitajwa kuwa moja ya sababu. Mtu anaona leo anarejea Makka, anabeba kila kitu chake begani. Mizigo itangulie kwa gari la kundi. Jamarati nenda na vijiwe vyako, maji na mwavuli.


Mama Mapacha

Siku ya kumi na mbili ndiyo tunaambiwa ina watu wengi zaidi. Ni kweli?


Mtu wa Wete

Ni kweli, kwa sababu wanaoharakisha wanataka watupe baada ya jua kupinduka na watoke Mina kabla halijazama. Wote kwa saa zile zile. Kambi hupewa ratiba ya saa za kwenda, ifuateni, hata kama jirani zenu wamekwisha toka. Mimi binafsi napenda sana wazee wabaki hadi mwezi kumi na tatu, kundi likiruhusu. Siku ile njia zinapitika, unatembea unatazama milima, unamtupia mtu salamu naye anakujibu. Ndiyo siku ninayowaona wazee wangu wakitabasamu.

Na asiyeweza kabisa, amuwakilishe mwenziwe amtupie. Hilo lina nafasi katika dini, wala si upungufu.


Muuguzi wa Chake

Naomba niingie upande wa afya, maana naona mnazungumza njia na kuisahau miguu.

Mwaka 2024 walifariki mahujaji 1,301 kwa takwimu za serikali ya Saudia, kwenye joto lililofika nyuzi 51.8 pale Haram. Asilimia 83 yao hawakuwa na kibali, kwa hiyo hawakuwa na hema wala basi, wakatembea masafa marefu juani bila ya kivuli. Mtu akikushawishi uende kwa viza ya matembezi uokoe fedha, ukumbuke kuwa anakupeleka kutembea njia yote hii saa saba mchana. Na bila ya kadi ya Nusuk, kitambulisho rasmi cha hujaji, hata lango la kambi hulioni.

Wenye kibali nao wana wajibu. Msimu wa 2025 mahujaji waliambiwa wabaki ndani ya mahema siku ya Arafa tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Lifuateni hilo hata msipoambiwa tena. Kupanda Jabal Rahma, kile kilima cha Arafa, si sharti la Hijja. Arafa yote ni pahala pa kusimama.

Wanaume kwenye ihramu, zile shuka mbili zisizoshonwa, huchubuka baina ya mapaja, na hili hawalisemi kwa haya. Nimewaona waliorudi na vidonda, hawawezi hata kukaa. Pakeni vazilini isiyo na harufu kabla ya kuanza kutembea, si baada ya kuanza kuwasha, na mrudie Muzdalifa. Viatu viwe vya mikanda, vimeshavaliwa nyumbani wiki kadhaa mpaka vimezoea mguu. Ndara mpya za siku ya safari zinakatika, na lami ya mchana inaunguza unyayo. Mwenye sukari asitembee peku hata hatua kumi, kwa sababu anaweza kuungua asisikie. Akaguliwe nyayo kila usiku na mwenziwe. Abebe kitu kitamu mfukoni, na dawa zake awe nazo mwenyewe, zisiwe kwenye begi lililotangulia na gari.

Maji mnywe kabla ya kiu. Na chumvi za kuongeza maji mwilini mchukue huku huku, pakti zake ni nyepesi.


Kijana wa Jang'ombe

Hili la vazilini hakuna aliyewahi kunambia. Ahsante dada.

Kaka wa Wete, nimekuelewa sasa. Namsindikiza babu, ana miaka sabini na kitu. Nimpeleke kwa miguu au ning'ang'anie basi?


Mtu wa Wete

Mpandishe basi, na uwe tayari kwa miguu. Basi lina pahala pa kukaa na lina kivuli, na kwa babu hivyo ni vitu vikubwa. Likikwama, msiwe wepesi wa kushuka. Tazama mambo mawili: je, mmeshaingia kwenye eneo la Muzdalifa, na je, njia ya miguu iko karibu na inaonekana? Kama yote ni ndiyo, shukeni kwa pamoja, na kiongozi ajue. Kama basi limekwama katikati ya magari, huku kuna gema na kule kuna uzio, kaeni ndani hata kama ni saa mbili. Wengi waliopotea usiku wa Muzdalifa ninaowajua walishuka hivyo, kwa kuchoka kungoja, mmoja mmoja, bila ya kuaga.

Ukishuka na babu, mwendo ni wake. Usimtangulie hatua tatu ukamgeukia kumsubiri, kwani anajilazimisha. Tembea ubavuni mwake, upande wa watu, yeye awe upande wa ukingo. Kila anapopumzika, angalia mbele kuna nini.

Na aanze mazoezi sasa. Hapa Pemba tuna kundi dogo, wanaokwenda na wasiokwenda, tunatembea kila Alkhamisi baada ya Alasiri kutoka Chake kwenda Gombani na kurudi, na kila wiki tunaongeza kidogo. Unguja mnao uwanja wa Maisara, tena umenyooka. Aanze kwa raundi anayoiweza bila ya kuhema.


Mzee wa Makunduchi

Allah akulipe mwanangu. Mimi nitaanza kesho, kutoka nyumbani mpaka pwani na kurudi. Nije na mwavuli au nisubiri huko huko?


Mtu wa Wete

Anza nao mzee, mkono uuzoee. Katika ihramu hautakiwi kugusa kichwa, na kuunyanyua muda mrefu bega linachoka. Na viatu viwe vile vile utakavyosafiri navyo.


Bint Mkoani

Alkhamisi hii mnaanza saa ngapi Chake? Nawaleta kaka zangu wote wawili, na kiti cha mama tunacho, anayekihitaji msimu huu aje akichukue.